Marambo, nchi iliyoijua serikali kwa mzigo

Novemba 2018 malori ya Jeshi la Wananchi yaliteremka kusini kubeba korosho. Wanunuzi walikuwa wamekataa kupandisha bei, wakulima nao wakakataa kuuza, ndipo Rais John Magufuli akaamua kwamba serikali itanunua yenyewe, shilingi 3,300 kwa kilo, na askari ndio watakaozisomba. Nachingwea na Ruangwa watu walishangilia, tena kwa haki, maana bei hiyo ilikuwa juu ya ile ya mnadani. Baada ya shangwe ukaja uhakiki. Mwenye korosho akatakiwa aoneshe shamba lake liko wapi na kilo zile amezipataje, ili ijulikane ni mkulima kweli au ni mtu wa kangomba, yule anayepita majumbani kununua kwa kopo. Fedha za wengine zikachelewa, na za baadhi zikachelewa mno.

Kwa mtu wa Dar es Salaam ilikuwa ajabu: jeshi na korosho wapi na wapi? Kwa mtu wa Marambo haikuwa ngeni sana. Nchi hii ya Wamwera wa bara, inayoshika Nachingwea na Ruangwa za leo, imeizoea serikali inayokuja na sare, na inayokuja na mzigo. Wakati mwingine mzigo hutoka hapa kwenda kwingine. Wakati mwingine hubebeshwa mtu wa hapa apeleke asikokujua. Jibu la wenyeji, kwa sehemu kubwa ya historia yao, halikuandikwa kitabuni wala halikuundiwa chama. Waliondoka. Walihama usiku, wakafyeka pori jingine, wakaacha kibanda kitupu kimsubiri mkusanya kodi. Mabwana shauri wa kila enzi waliliita jambo hilo uvivu na ushenzi. Mimi naliita siasa, tena siasa iliyokomaa, na naona wakati umefika tuisome hivyo.

Ulaya na Marekani watu wenye msimamo wa namna hiyo waliitwa waanakisti. Walidai kwamba dola, iwe ya mfalme au ya bunge, husimama juu ya mabavu, na kwamba vita ndiyo kazi inayoimudu kuliko zote. Peter Kropotkin, mwanamfalme wa Kirusi aliyeishi uhamishoni Uingereza, alichapisha mwaka 1902 kitabu chake Mutual Aid, akitetea kwamba wanyama na watu wamedumu kwa kusaidiana. Vita Kuu ilipozuka, Kropotkin huyohuyo akageuka. Mwaka 1916 alitia saini tamko la kuunga mkono upande wa Ufaransa na Uingereza dhidi ya Ujerumani. Rafiki yake wa miaka mingi, Mwitaliano Errico Malatesta, alimpinga hadharani. Huko New York, Emma Goldman na Alexander Berkman walikamatwa Juni 1917 kwa kuwapinga walioandikisha vijana jeshini kwa lazima. Walifungwa miaka miwili, kisha Desemba 1919 wakapakiwa melini na kufukuzwa Marekani.

Miezi minne baada ya Goldman kukamatwa, vita hiyohiyo ilikuwa imefika Ruponda, pembeni mwa Nachingwea. Hapo hakuna aliyekuwa amesoma Kropotkin. Kulikuwa na watu waliokwisha kujua, kwa gharama kubwa, serikali na vita vina undugu gani.

Wamwera hawakuwa na mfalme. Makazi yao yalikuwa nyumba chache za ukoo wa kuukeni, na mkubwa wa hapo aliheshimiwa kwa umri, kwa busara na kwa mkono mkunjufu. Akizidisha ubabe, watu walifungasha. Ardhi ilikuwepo na jembe lilikuwepo. Mwanaanthropolojia wa Kifaransa Pierre Clastres, aliyeishi na wenyeji wa misitu ya Paraguay, aliandika mwaka 1974 kwamba jamii za aina hii hazikukosa dola kwa kuchelewa kuendelea. Zilijipanga makusudi ili pasitokee mtu wa kuzitawala. Ukiutazama utaratibu wa kale wa Wamwera, hoja hiyo inaingia akilini.

Lakini tusipake sukari. Kuishi bila mtawala kulikuwa na bei yake. Karne ya 19 nchi hii ilivamiwa na Wangoni waliojulikana huku kama Magwangwara, ambao mwaka 1882 waliichoma na kuipora hata stesheni ya misheni ya Masasi. Misafara ya watumwa ya kwenda Kilwa nayo ilipita humuhumu. Watu waliotawanyika porini ni vigumu kuwatawala, na ni vigumu pia kwao kujilinda.

Mwaka 1890 Machemba, mkuu wa Kiyao aliyekaa Luagala kwenye uwanda wa Makonde, aliitwa na Hermann von Wissmann, kamishna wa Kijerumani, aende akajisalimishe. Akajibu kwa barua, kwa Kiswahili. Alisema haoni sababu ya kumtii mtu huyo. Kama anataka urafiki, urafiki upo. Kama anataka kumfanya raia wake, hapana. Na kama anajiona ana nguvu, basi aje amchukue. Wajerumani walimwandama kwa miaka, hadi mwaka 1899 Machemba alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Barua ile ingefaa kusomwa katika kila sekondari ya mikoa ya kusini, pamoja na maelezo kwamba mwandishi wake, aliyekataa kuwa chini ya mtu, alifanya biashara ya watumwa.

Machemba alipoondoka, zikabaki kodi na akida. Kodi ya nyumba ilianza 1898. Kwa kuwa watu hawakuwa na wakuu wa kuwaamrisha, Wajerumani waliwaletea wa kutoka nje: maakida, wengi wao watu wa pwani, na chini yao majumbe, kazi yao kukusanya fedha na kutoa watu wa kazi. Kisha gavana Adolf von Götzen akaleta mashamba ya pamba ya lazima. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, wazee waling'oa miche ya pamba, na vita ikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Agosti 4 mwaka huohuo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kusafiri. Kabla Agosti haijaisha yalikuwa yameingia Umwera, na misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zimeteketezwa.

Watoto wetu hufundishwa kwamba Maji Maji ilikuwa mwanzo wa utaifa. Sipingi, ila naona somo hilo linaruka jambo. Watu hawa wasio na chifu mmoja, wasio na jeshi wala kodi ya kulilipa jeshi, waliweza kuunganisha makabila mengi kwa wiki chache bila makao makuu. Hata hivyo maji hayakuwa ya hiari kila mahali. Aliyekataa kuyanywa aliweza kuhesabiwa adui, na karibu na Masasi wapo wakuu waliosimama na Mjerumani. Vita ya kukataa kulazimishwa nayo ilikuwa na kulazimishana ndani yake. Malatesta angeliona hilo haraka. Vitabu vyetu vya shule bado.

Risasi hazikutosha kuwashinda. Kapteni Wangenheim alimweleza gavana kwamba kitakachowatiisha watu hawa ni njaa, na njaa ikatengenezwa: maghala yakachomwa, mazao yakafyekwa, mbegu zikachukuliwa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya simulizi za wazee wa kusini, alifika hadi 250,000 au 300,000. Wengi wao hawakuuawa na bunduki.

Waliopona walikula nini? Nenda soko lolote la Lindi au Mtwara utaona ming'oko imepangwa mafungu chini, mizizi myembamba yenye udongo bado. Inachimbwa porini, hakuna aliyeipanda. Inachemshwa na chumvi, inaliwa na pilipili, na leo ni chakula cha starehe, watu wanaagizia hadi Dar es Salaam. Zamani ilikuwa akiba ya mtu aliyeikimbia nyumba yake. Ghala la mtama linaonekana kwa mbali na askari hulichoma kwa kiberiti kimoja, ila ng'oko unabaki chini ya ardhi hadi mwenye kuujua aufuate. James C. Scott, mwanazuoni wa Marekani aliyefariki 2024, aliandika kwa kirefu juu ya jambo hili akitumia mifano ya milima ya Asia: dola hupenda nafaka kwa sababu huiva pamoja, huonekana na hupimika, na watu wanaoikwepa dola hupenda mazao ya mizizi. Angefika Nachingwea asingehitaji kupanda milima ile.

Sehemu kubwa ya nchi iliyoachwa tupu baada ya vita, upande wa Liwale, ikaja kuwa ndani ya pori la akiba la Selous, na tangu 2019 kipande kikubwa cha pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtalii anaambiwa yupo katika nyika ambayo haijaguswa na binadamu.

Turudi Ruponda. Miaka 10 baada ya Maji Maji kuzimwa, watu walewale na watoto wao waliitwa kubeba vita ya Wazungu. Oktoba 1917 Waingereza waliiteka Ruponda, ambako Mjerumani alikuwa ameweka akiba ya chakula, na siku chache baadaye, Oktoba 15 hadi 18, pande mbili zikapambana Mahiwa, jirani na Nyangao. Upande wa Uingereza peke yake ulipoteza zaidi ya watu 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Waliopigana walikuwa Waafrika kwa wingi, hata Wanigeria walioletwa kwa meli kuja kufa Lindi. Novemba 25 kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akavuka Ruvuma akiwa na askari wasiofika 2,000 na wapagazi wapatao 3,000. Hesabu hiyo iangaliwe vizuri: wabebaji walikuwa wengi kuliko wapiganaji.

Mpagazi alibeba kilo 25 hivi za mzigo wa jeshi, na juu yake blanketi na sufuria yake. Posho ilikuwa unga wa mahindi. Jioni, baada ya kutwa nzima ya kutembea, kuni zimelowa na maji hayatoshi, uji ulipikwa nusu na kunywewa hivyohivyo. Tumbo likaanza, likaja la damu. Kuhara kuliua wapagazi wengi kuliko risasi ya adui yeyote. Upande wa Uingereza na washirika wake walitumika watu wapatao milioni moja, na waliokufa kwa hesabu rasmi ni kama 95,000, hesabu ambayo wanahistoria wengi wanaiona ndogo. Upande wa Ujerumani watu walichukuliwa vijijini bila daftari la maana.

Mtu alichukuliwaje? Jumbe aliagizwa idadi, akatoa. Wengine walitolewa wakiwa wamefungwa kamba. Waliosikia mapema waliingia porini, na wengi walitoroka njiani, mzigo umetupwa vichakani. Makamanda wa pande zote waliandika malalamiko juu ya utoro huo. Mahakama ya kijeshi ya Ulaya ingemwita mtu huyo msaliti. Goldman, nadhani, angempa mkono.

Walikuwepo Waafrika waliolisema jambo hilo kwa maneno. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mchungaji John Chilembwe aliandika barua gazetini Novemba 1914 akiuliza kwa nini maskini wa Kiafrika wapelekwe kufa katika ugomvi usiowahusu, na kwa nini wasitangulie matajiri na wenye maduka. Januari 1915 aliongoza uasi, na Februari 3 akauawa. Kwenye mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini na Tanganyika, wahubiri wa Watch Tower wakiongozwa na Hanoc Sindano walifundisha watu kutowatii maboma na machifu wa serikali, wakati huohuo watu walipokuwa wakisombwa kwenda upagazi. Pwani ya Kenya, Wagiriama waliokwisha kula kiapo pamoja na Mekatilili wa Menza mwaka 1913 cha kukataa kazi za serikali walijikuta mwaka uliofuata wakidaiwa pia wapagazi wa vita. Hawa ndio waanakisti wetu wa karibu zaidi. Walisali sana, jambo ambalo lingewakera wenzao wa Ulaya, lakini madai yalikuwa mamoja.

Vita ya Pili ya Dunia ilipokwisha, Marambo ikaletewa karanga. Mradi wa Waingereza ulianza 1947, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Yaliletwa matingatinga, baadhi yakitokana na zana za vita, ikajengwa reli kutoka pwani. Januari 1951 mradi ukafutwa, umekula pauni zipatazo milioni 36, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karanga huzaa chini ya udongo kama ng'oko, lakini hizi zilikuwa karanga za serikali, zikahitaji afisa wa kuzihesabu.

Mashamba yaliyofyekwa hayakukaa bure. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam 1962, ilipewa sehemu ya ardhi hiyo na kuifanya kituo chake kikuu cha kijeshi. Hapo, Farm 17, Samora Machel alifundisha jeshi lililokuja kumng'oa Mreno. Sitaki kuudogosha ukombozi huo. Nachingwea inajivunia, na inastahili. Ila kambi ya ukombozi ilikuwa pia serikali inayojifunza kutembea. Machi 1968 wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji jijini Dar es Salaam waliasi, sababu mojawapo ikiwa kutakiwa kuacha masomo na kwenda jeshini; baadhi wakakimbilia Kenya. Na mwaka 1975, uhuru ukikaribia, Uria Simango, Lázaro Nkavandame, Joana Simeão na wenzao walioanguka na uongozi walisimamishwa mbele ya umati Nachingwea wakiri makosa yao. Baadaye waliuawa Msumbiji bila kufikishwa mahakamani. Dola ile mpya ilijizoeza kuhukumu katika ardhi yetu kabla haijapata bendera.

Na sisi wenyewe? Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Lakini wale walilalamikia zaidi mshahara uliokatwa. Jambo zito lilikuwa Songea. Huko Litowa, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikundi cha vijana wa TANU chini ya Ntimbanjayo Millinga kilianzisha kijiji cha kulima pamoja. Hakuna aliyewalazimisha. Vijiji vikaongezeka hadi 17 hivi, vikaunda Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, wakawa na shule yao, mashine yao ya kusaga, mbao zao, na mikutano ya kuamua wenyewe mapato yagawanywe vipi. Mwingereza Ralph Ibbott aliishi nao kama mshauri. Nyerere alivutiwa nao, na fikra zake za vijiji vya ujamaa zilichota mengi kwao. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakipiga marufuku chama hicho na kutwaa mali zake.

Kosa lao halikuwa kushindwa. Walifanikiwa bila kupitia kwa mkuu wa mkoa. Miaka minne baadaye, Novemba 1973, ikaja amri kwamba kuishi vijijini ni lazima, na operesheni zikaanza, malori na mgambo. Scott anakadiria waliohamishwa nchi nzima kuwa si chini ya milioni 5. Kusini, ambako hofu ya Mreno ng'ambo ya Ruvuma iliongeza kasi, watu waliwekwa kando ya barabara, mbali na mikorosho yao. Mavuno ya korosho nchini yalikuwa kama tani 145,000 msimu wa 1973/74. Msimu wa 1986/87 hayakufika hata tani 20,000. Bei mbaya na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia, lakini mkorosho ulio umbali wa nusu siku kwa miguu hauwezi kupaliliwa. Ujamaa wa hiari ulifutwa kwa amri, kisha ukaletwa ule wa amri. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote ya zama zile, na bado tunalizungumza kwa kunong'ona.

Siandiki haya kumwambia mtu wa Ruangwa aikimbie serikali. Pori la kukimbilia limekwisha, na hospitali, barabara na mnada wa korosho anavihitaji. Jimbo lenyewe limetoa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, kuanzia 2015 hadi 2025. Ninachodai ni kidogo zaidi. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, na kila Februari 27 wanakumbukwa wakuu na wapiganaji wa Kingoni walionyongwa 1906. Ni sawa kabisa. Lakini kumbukumbu za taifa hufuata mahali palipokuwa na chifu, kwa sababu chifu ana jina na ana ukoo unaomdai. Watu wasio na chifu hufa wengi na kuandikwa kwa jumla. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Ruponda na Mahiwa wamo humo.

Kama kwenu kuna babu aliyechukuliwa na hakurudi, au aliyetupa mzigo akarudi kwa kupita porini, andikeni jina lake, kijiji chake na ukoo wa mama yake. Msisubiri mradi, mfadhili wala kibali. Daftari la shule linatosha. Wajukuu wa watu wale ni wazee sasa, na wao ndio wa mwisho kuyajua majina hayo.